Solo ya kuazima imeniharibia nyanya zote Madale: ni mabaki ya dawa ya magugu au kuna kingine?

#1 Mama Matuta
Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada, toka juzi sijalala vizuri.

Nina robo eka huku Madale. Nyanya miche kama 600, bamia upande wa chini, mchaichai nimeuzungushia mpaka. Jumamosi asubuhi niliazima solo (pampu ya mgongoni) ya lita 16 kwa jirani, nikapulizia dawa ya kantangaze, yule kiwavi wa nyanya, nikachanganya na busta, mbolea ya kupulizia majani. Jumapili jioni naona vilele vimeinama kama vina kiu, nikamwagilia. Jumatatu shina zimejisokota kama kamba ya katani iliyolowa. Vikonyo vya majani vimepinda kama ndoana, na vijani vipya vinatoka vyembamba, mishipa yake imesimama sambamba kama meno ya chanuo. Mchaichai mzima kabisa. Bamia sikuzipulizia na hazina tatizo.

Jirani anasema wiki mbili nyuma solo hiyo alipigia dawa ya magugu kwenye mahindi yake ya vuli, halafu akaisuuza. Nikaenda kuiona dawa yenyewe. Alipimiwa dukani kwenye chupa ya maji ya kunywa ya lita moja na nusu. Haina lebo. Rangi yake kama chai ya rangi, na ukifungua kifuniko inanuka dagaa waliolowa.

Ni dawa gani? Nyanya zitapona? Zikizaa, zinalika?

#2 Bwana Shamba wa Goba
Pole sana dada. Kwa maelezo hayo, hasa hiyo harufu, ni 2,4-D amini, tunayoiita tufodi. Inaua majani mapana na kuacha jamii ya nyasi, ndiyo maana mahindi ya jirani yamepona na mchaichai wako umepona. Nyanya ndiyo mmea unaoiogopa kuliko karibu mboga zote. Kiasi kilichobaki kwenye mpira na nozeli kinatosha kabisa. Kusuuza mara moja hakutoshi.

Usizile wala usiziuze. Dawa hiyo haikuandikishwa kwa nyanya, kwa hiyo hakuna siku za kusubiri ambazo mtu anaweza kukutajia.

#3 Kishoka wa Mbagala
Naweka kambi hapa. Pole mama.

#4 Mkemia Mtaani
Naongezea kwa Bwana Shamba hapo juu, kwa sababu watu wanaitumia hii kitu bila kujua ni nini.

Jina lake kamili ni asidi ya 2,4-diklorofenoksiasetiki. Chukua pete ya benzini, yaani kaboni sita zimeshikana mikono kwa duara. Namba 2 na namba 4 ni nafasi mbili kwenye pete ambazo zimekaliwa na klorini. D ni ya "dikloro", klorini mbili. Kisha kwenye nafasi ya kwanza, kupitia oksijeni, imening'inizwa asidi ya jamii ya siki. Lakini usiifananishe na siki kwa ukali: kama asidi ina nguvu takribani mara mia kuliko siki.

Ikiwa safi ni ungaunga mweupe unaoyeyuka kwa joto la nyuzi 140 hivi. Kwenye maji safi haitaki kabisa, hata gramu moja haiyeyuki yote kwenye lita. Ndiyo maana kiwandani wanaigeuza. Wakiichanganya na amini (ndugu wa amonia) inakuwa chumvi inayoyeyuka vizuri kwenye maji, na harufu ya dagaa inatoka kwenye hiyo amini, asidi yenyewe karibu haina harufu. Wakiichanganya na alkoholi inakuwa esta, yenye mafuta mafuta, inayopenya jani haraka, lakini esta nyepesi hugeuka mvuke kwenye joto kama letu na kusafiri mpaka shamba la mwenzio.

Ndani ya mmea inajifanya oksini, homoni ya ukuaji. Mmea unapata amri ya kukua huku na huku kwa wakati mmoja, upande mmoja wa shina unarefuka kuliko mwingine, mishipa ya chakula inazibana. Hiyo misokoto uliyoiona ni mmea unaojinyonga kwa kukua.

#5 Mkulima wa Kisasa
Wakuu msikimbilie hukumu. Mimi nimelima nyanya miaka tisa Kibamba. Majani kujikunja mara nyingi ni virusi vya nzi weupe, ule ukunjamajani wa njano. Msimu huu nzi weupe wamejaa kila mahali. Geuza jani, utingishe, utaona vumbi jeupe linaruka. Au ni utitiri mpana, ule usioonekana kwa macho, nao unafanya vilele kuwa vyembamba. Dada asije akagombana na jirani bure.

#6 Bwana Shamba wa Goba
Mkulima wa Kisasa #5, heshima yako mkuu, lakini angalia siku. Virusi huchukua wiki mbili au tatu tangu nzi aume mpaka dalili zionekane, na hupiga mche hapa, mche pale. Jani la virusi hukunja kingo kwenda juu kama kikombe na kuwa njano. Za huyu zimepinda kwenda chini, zote kwa pamoja, ndani ya siku moja na nusu. Hiyo ni kemikali.

#7 Mtoto wa Ruvu
Mimi natumia hii dawa kwenye mpunga kila msimu, sitaki watu waione kama shetani. Ukipiga mpunga ukiwa unatoa machipukizi ya pembeni, kabla haujaanza kubeba mimba ya suke, inasafisha majani mapana na ndago nyingi, na mpunga unasimama. Mkosi wake ni watumiaji.

Jambo moja ambalo halijasemwa ni maji. Maji ya kisima mengi ya Dar ni magumu, yana kalisi na magnesi. 2,4-D amini ikikutana na kalisi inatengeneza vipande vyeupe kama mtindi uliokatika, vinaziba chujio. Nilivikuta kwenye solo yangu mwaka ambao niliacha kutumia maji ya mto. Hivyo vipande vinashika ndani ya mpira na kwenye chujio la nozeli, unasuuza mara tatu, bado vimo. Mama Matuta muulize jirani alitumia maji gani.

#8 Mama Matuta
Asanteni sana wote. Mtoto wa Ruvu, nimemuuliza: maji ya kisima, na ya chumvi kabisa, chai yake haina raha. Nimefungua nozeli ya solo. Kwenye kichujio kidogo cha shaba kuna utando mweupe, umekauka kama chokaa ya ndani ya birika. Nimeukwangua kwa kucha ukatoka vumbi.

Nzi weupe wapo, sitadanganya, ila wachache.

#9 Bwana Shamba wa Goba
Dada, kwa kucha? Nenda ukanawe mikono kwa sabuni sasa hivi, ndipo urudi kusoma.

#10 Mama Matuta
Nimenawa. Samahani.

#11 Mzee Kibatari
Vijana, hiyo 2,4-D si ndiyo ile sumu waliyomwaga Wamarekani Vietnam, watoto wakazaliwa vilema? Na bado tunauziwa Kariakoo kwenye chupa za maji? Mimi nasema ipigwe marufuku tu.

#12 Mkemia Mtaani
Shikamoo Mzee Kibatari. Hapo kuna ukweli nusu, na ni nusu muhimu. Ile ya Vietnam ilikuwa mchanganyiko wa ndugu wawili nusu kwa nusu: 2,4-D na 2,4,5-T. Sumu kubwa kuliko zote ilikuwa dioksini iliyojitokeza wakati wa kutengeneza huyo wa pili, mwenye klorini tatu. 2,4-D peke yake siyo ile.

Lakini pia sisemi ni maji ya mua. Mwaka 2015 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka kwenye kundi la 2B, yaani huenda ikasababisha saratani kwa binadamu, ushahidi haujafika mbali. Shirika la Afya Duniani linaiweka daraja la pili la hatari, ya wastani. Wastani hapo maana yake inaweza kuua ukiinywa.

Historia kidogo kwa wanaopenda: mkemia Pokorny alichapisha namna ya kuitengeneza mwaka 1941, na 1944 watafiti Hamner na Tukey wakaonyesha kwamba inaua magugu. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia kuisha ikaingia mashambani. Kwa hiyo ina zaidi ya miaka themanini.

#13 Mzee Kibatari
Marahaba. Nimekuelewa kuhusu Vietnam. Kuhusu marufuku bado sijabadilika.

#14 Nesi wa Zamu
Nimesoma mpaka kwenye "chupa ya maji ya kunywa" nikashindwa kuendelea. Naombeni mnisikilize.

Nilikuwa zamu ya usiku, sitataja wapi. Akaletwa mtoto, amekunywa kitu kwenye chupa ya soda iliyokuwa chini ya kitanda. Baba kaja na chupa mkononi, haina lebo, analia. Mtoto anatapika, misuli ya mapaja inarukaruka, anaitwa haitiki. Kila mtu akawaza dawa ya wadudu, kwa sababu ndiyo tunayoizoea. Lakini mboni za macho hazikuwa ndogo, mate hayakumtoka. Atropini, tunayotumia kwa sumu ya dawa ya wadudu, haina kazi hapo. Tulipoteza muda mrefu tunajaribu kujua ni nini, mpaka mjomba akapiga simu dukani akaambiwa ni dawa ya magugu ya mahindi.

Hii dawa haina dawa yake maalumu. Tunachofanya ni kumshikilia mgonjwa, kumpa maji ya mshipa, na sodiamu baikaboneti ili mkojo uwe wa alikali, kinyume cha asidi. Daktari alitueleza usiku ule na sijasahau: ni asidi, ikiingia kwenye mkojo wenye alikali inavuliwa hidrojeni, inabaki na chaji, haiwezi kupenya kurudi kwenye damu, inabidi itoke. Tulipima mkojo kwa karatasi kila baada ya muda, tunangoja rangi ibadilike. Siku ya tatu mtoto akaomba uji.

Kama chupa ingekuwa na lebo, tungeanza mapema. Nawaombeni, msiweke dawa kwenye chupa ya kunywea. Na mkimleta mtu, leteni na chombo chenye lebo.

#15 Kishoka wa Mbagala
Dah. Nesi, Mungu akubariki.
Sasa swali: pale nyumbani kabla ya kufika hospitali, si anapewa maziwa? Sisi tumekua tunajua maziwa yanakata sumu.

#16 Nesi wa Zamu
Hapana Kishoka. Maziwa hayakati sumu hii, wala mayai, wala maji ya limao, wala mafuta ya kula. Na usimtapishe kwa kidole, kwa sababu anaweza kuvuta matapishi mapafuni, na zile za esta zina mafuta ndani yake yanayochoma mapafu. Msafishe mdomo, mvue nguo zilizolowa, mlaze kwa ubavu kama amelegea, chukua lebo, tafuta gari.

#17 Dogo Nozeli
Mimi ni mpiga dawa wa kulipwa, mashamba ya Mapinga mpaka Kerege. Mwaka jana nilikuwa namimina ile amini kutoka kwenye dumu, kifuniko kikakwama, nikavuta, tone likaruka jicho la kushoto. Sikuwa na miwani. Wallahi sijawahi kusikia maumivu kama yale. Nikakimbilia ndoo ya maji ya kuchanganyia, nikatumbukiza uso mzima, nikafungua jicho humo ndani. Mwenye shamba akanimwagia maji na bilauri taratibu karibu nusu saa, ananihesabia dakika kwa simu. Niliona ukungu siku nne. Daktari aliniambia yale maji ndiyo yameokoa jicho, ningeanza kwenda hospitali kwanza ningelipoteza.

Sasa hivi navaa kioo cha uso kile cha mafundi wa kuchomelea mageti, ila kile cheupe. Sikivui mpaka nimemaliza kuchanganya.

#18 Mkemia Mtaani
Dogo Nozeli, ushuhuda wako ni dhahabu. Watu wanaogopa kuivuta puani, lakini hatari kubwa ya amini ikiwa haijachanganywa ni macho. Inaweza kuharibu jicho moja kwa moja. Kwenye ngozi hupita kidogo, sehemu ndogo tu, na ikishaingia mwilini hutoka kwa mkojo, nusu yake ndani ya siku moja hivi. Ila mtu anayepiga dawa kila siku bila glavu hampi mwili nafasi ya kumaliza.

Glavu za mpira mzito, siyo zile nyepesi za saluni. Shati mikono mirefu, suruali nje ya buti na siyo ndani, ili dawa isichuruzike mguuni.

#19 Mwana wa Mchikichini
Turudi kwenye solo. Mimi nasafisha kwa Jik. Inaua kila kitu.

#20 Bwana Shamba wa Goba
Jik inaua vijidudu, ndugu yangu, 2,4-D siyo kijidudu. Kinachosaidia ni kuigeuza iyeyuke vizuri itoke. Wataalamu wanatumia amonia ya nyumbani, sehemu moja kwa maji sehemu mia. Kwanza suuza kwa maji matupu, ukipulizia mpaka yatoke kwenye nozeli. Halafu jaza solo maji ya amonia, pampu mpaka mpira wote ujae, acha yalale usiku kucha. Asubuhi toa, kisha suuza tena mara mbili. Nozeli na kichujio vifungue uviloweke peke yake.

Na kwa jina la Mungu usichanganye amonia na Jik kwenye chombo kimoja. Inatoka hewa inayochoma mapafu. Kama ulitumia Jik jana, suuza kabisa kwanza.

#21 Mwana wa Mchikichini
Kumbe. Nilikuwa nataka kuchanganya zote mbili kesho asubuhi, nikijua ndiyo usafi wa hali ya juu. Asante sana mkuu, umeniokoa.

#22 Dogo Nozeli
Mimi mbinu yangu: solo mbili. Ya magugu nimeipaka rangi nyekundu mgongoni, ya wadudu ya bluu. Amonia natumia, lakini siiamini mia kwa mia. Mpira ukishakunywa ile dawa hautoi yote.

#23 Mnazi Mmoja Juu
Nyekundu na bluu, ukikosa njano na kijani? Au umeogopa kuleta Yanga kwenye uzi wa watu?

#24 Dogo Nozeli
Nyekundu ndiyo ya magugu, maana Simba tunang'oa mpaka mizizi 😄. Turudi kwenye mada.

#25 Mkulima wa Kisasa
Mimi sijaondoka. Bwana Shamba #6 umenijibu vizuri kuhusu siku, nakubali virusi peke yake havifanyi vile. Lakini mmesahau busta. Mama Matuta, hiyo busta ilikuwa ya namna gani? Kuna busta zina homoni ndani. Ndugu yake 2,4-D, mwenye klorini moja tu kwenye nafasi ya nne, anatumika kabisa kushikisha matunda ya nyanya. Mkono ukizidi kwenye kipimo, majani yanajikunja hivyo hivyo. Jirani anaweza kuwa hana kosa.

#26 Mkemia Mtaani
Hoja nzuri sana hiyo, na kikemia ni sahihi. Ile yenye klorini moja ni asidi ya 4-klorofenoksiasetiki. Toa klorini moja, kiuagugu kinakuwa mkunga wa matunda. Na hata 2,4-D yenyewe kwa kiasi kidogo mno imetumika kwenye machungwa ili matunda yasidondoke. Tofauti ni kipimo. Mama tuwekee maandishi ya kwenye busta.

#27 Mama Matuta
Nimesoma kopo lote. Limeandikwa NPK, zinki, boroni, mwani wa baharini, na neno "vichocheo vya ukuaji" bila kusema ni vipi. Nilipima vifuniko viwili kwa solo, lebo inasema kimoja na nusu. Ni mimi niliyezidisha kidogo.

Na kuna jambo jingine nimeligundua leo ambalo linanichanganya. Nilikuwa na miche minane ya akiba kwenye viroba, karibu na ukuta wa nyuma. HAIKUPULIZIWA kitu. Nayo imeanza kupinda, siyo kama ya shambani, ila vijani vya juu vimekuwa kama vijiko vilivyogeuzwa.

#28 Kishoka wa Mbagala
Uzi umekuwa mtamu. Solo imepata wakili.

#29 Bi Mkubwa wa Mbezi
Ukuta wa nyuma kuna nini? Huku kwetu watu wanapanda pasipalamu, halafu wanaleta kijana anapiga dawa ya kuua majani mapana kwenye nyasi. Ni hiyo hiyo 2,4-D. Mwaka juzi mpapai wangu uliokuwa karibu na uzio ulitoa majani kama vidole vya mzee, na sikuwa na solo wala busta.

#30 Mama Matuta
Bi Mkubwa! Nyuma ya ukuta kuna nyumba ina nyasi kubwa sana mbele. Mlinzi wao anasema kijana wa bustani huja kila mwezi, anapiga "dawa", hajui gani. Upepo siku hizi unageuka, kusi inaisha na kaskazi inaanza, sijui siku ile ulitoka wapi.

#31 Bwana Shamba wa Goba
Kama ni upepo, bamia zingeumia. Bamia ni jamii moja na pamba, na pamba inaogopa 2,4-D kuliko unavyofikiri. Bamia zako nzima. Kwa hiyo upepo siukubali kwa shamba zima. Kwa viroba, labda. Samadi je? Ulitia wapi?

#32 Mama Matuta
Samadi nilitia kwenye nyanya na kwenye viroba. Bamia sikutia, ilikwisha. Niliinunua kwa mfugaji wa upande wa Wazo, kirikuu kizima.

#33 Bwana Shamba wa Goba
Ahaa.

#34 Mkemia Mtaani
Hapo nikae vizuri. 2,4-D yenyewe haikai sana. Kwenye udongo wenye joto na unyevu vijidudu vinaila, nusu inakwisha kwa wiki moja au zaidi kidogo. Sitarajii ipite kwenye tumbo la ng'ombe, ilale kwenye lundo la samadi, kisha iue nyanya. Wanaovumilia safari hiyo ni binamu zake: klopiralidi, aminopiralidi, pikloramu. Nazo ni asidi zenye klorini, ila pete yao ina naitrojeni moja ndani. Ng'ombe akila nyasi zilizopigwa hizo, hatakuambia kitu, atanenepa tu, na dawa itatoka na mavi ikiwa hai. Kwenye nyanya dalili zinafanana mno.

Jinsi ya kujua bila maabara: chukua vikopo vinne, panda kunde au maharage. Kimoja udongo mtupu. Cha pili udongo na samadi ile ile, nusu kwa nusu. Cha tatu udongo mtupu, mwagilia maji uliyosuuzia solo. Cha nne udongo mtupu, pulizia busta kwa kipimo ulichotumia. Weka mbali na ule ukuta. Subiri wiki mbili au tatu, angalia jani la tatu.

#35 Mzee Kibatari
Na mwenye duka aliyepima dawa kwenye chupa ya maji anaachwa? Mpelekeni kwa Mkemia Mkuu wa Serikali.

#36 Bwana Shamba wa Goba
Mzee, Mkemia Mkuu anasimamia kemikali za viwandani na majumbani, sheria ya 2003. Viuatilifu viko chini ya TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa kwa sheria ya 2020. Huko ndiko pa kulalamika. Kumpimia mtu kiuatilifu kwenye chupa isiyo na lebo siyo biashara halali. Ila na sisi wakulima tunakwenda tunasema "nipimie ya elfu tano". Tunaomba wenyewe.

#37 Mtoto wa Ruvu
Kweli tupu. Dumu la lita ni bei, na mtu ana robo eka. Wangetengeneza vichupa vidogo vya mililita 100 vyenye lebo ya Kiswahili, nani angepimiwa?

#38 Dogo Nozeli
Vipo kwa dawa nyingine, kwa hii nimeviona mara chache. Na chupa ikiisha msiichome. Suuza mara tatu, yale maji yarudishe kwenye solo upigie shamba, toboa chupa. Ukichoma inatoka moshi wa klorini unaokaba.

#39 Mkemia Mtaani
Marekebisho madogo kwa Dogo: unaotoka hasa ni kloridi ya hidrojeni, ukikutana na unyevu wa koo unakuwa asidi. Lakini ushauri wako ni sahihi neno kwa neno.

#40 Mama Matuta
Wakuu, leo ni siku ya kumi na saba. Nimerudi na majibu, samahani kwa kuchelewa.

Udongo mtupu: kunde tano zimesimama, majani mapana, kijani safi.
Busta: zote tano nzima. Ndefu kidogo kuliko za kwanza.
Maji ya solo: zote tano zimejisokota. Moja shina lake limepasuka kwa urefu, ndani kumeota vinundu vyeupe kama punje za chikichi changa.
Samadi: tatu nzima, mbili majani ya tatu yamekunjamana na kingo zimeingia ndani.

Jirani alikuja kuangalia vikopo. Aliinama pale kwenye cha tatu kwa muda mrefu. Akasema, "Shemeji, nilijua nimeisuuza." Kanipa miche 200 na vijana wawili wa kung'oa. Ile chupa tumeifunga kwenye mfuko, nimeiandika kwa kalamu ya wino mzito pande zote, iko kwenye sanduku la kufuli nje ya nyumba mpaka tupate pa kuipeleka.

#41 Bwana Shamba wa Goba
Solo imekutwa na hatia. Hongera kwa uvumilivu dada.

#42 Mkulima wa Kisasa
Na samadi je? Mbili kati ya tano siyo sifuri.

#43 Mkemia Mtaani
Mbili kati ya tano inaweza kuwa samadi mbichi tu. Amonia na chumvi nyingi huunguza kunde. Ila kuunguza kunaanza ukingoni na kukauka, yeye anasema kukunjamana. Mama, kwenye hayo majani mawili mishipa iko sambamba au imetawanyika?

#44 Mama Matuta
Moja sambamba. La pili sielewi, limeliwa na panzi nusu.

#45 Bi Mkubwa wa Mbezi
Na viroba vya ukutani bado havijajibiwa. Mimi nasema ni nyasi za jirani wa nyuma. Panda kopo la tano, liweke pale ukutani, udongo mtupu, bila samadi, siku kijana wa bustani akija.

#46 Mama Matuta
Nimeshapanda. Anakuja Jumamosi, mlinzi kaniahidi kunipigia simu akimwona anashusha pampu.

#47 Mpapai Kigamboni
Wakuu samahani kuingilia, mimi mgeni. Nina mipapai 40 Kibada, majani ya juu yamekuwa kama vidole vya mzee, kama alivyosema Bi Mkubwa hapo #29. Sijapuliza chochote tangu Agosti. Ila niliweka samadi. Nianze na vikopo vingapi?